Namna ya Kufuatilia Msimu wa Ligi Kuu ya Ucheki Bila Kupotezwa na Msimamo

Mtu anayeufungua msimamo wa Ligi Kuu ya Ucheki mwezi Aprili, akakuta timu moja inaongoza kwa alama nne na raundi zote 30 zimekwisha kuchezwa, huwa wepesi wa kuhitimisha kwamba bingwa amepatikana. Hajapatikana. Kumebaki mechi tano, na kati ya hizo imo moja dhidi ya huyo huyo anayemfuata. Kwa hiyo anayetaka kuufuatilia msimu huu tangu Julai hadi mwishoni mwa Mei hana budi kwanza kuelewa namna ulivyokatwa vipande, kisha ndipo ajishughulishe na majina ya wachezaji na mabao.

Ligi yenyewe ilianza mwaka 1993, baada ya Chekoslovakia kugawanyika kuwa nchi mbili. Ina timu 16, na kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hadi zitimie raundi 30. Tangu msimu wa 2018/19 kuna sehemu ya pili. Baada ya raundi ya 30 timu hugawanywa katika makundi matatu: nafasi ya 1 hadi ya 6 huwania ubingwa, nafasi ya 7 hadi ya 10 huenda kwenye kundi la kati, na nafasi ya 11 hadi ya 16 hupigania kubaki daraja la kwanza. Kundi la juu na la chini hucheza raundi tano zaidi, kila timu ikikutana mara moja na wenzake watano, ilhali kundi la kati hucheza mtoano wa mechi mbili-mbili. Alama zote zilizovunwa katika raundi 30 hubaki kama zilivyo. Hazigawanywi nusu kama inavyofanyika katika ligi nyingine za Ulaya zenye mfumo unaofanana na huu.

Chukua daftari, uandike nafasi 16 kutoka juu hadi chini, kisha upige mistari minne: chini ya nafasi ya 6, chini ya ya 10, chini ya ya 13, na chini ya ya 15. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayotenganisha makundi. Mstari wa tatu unawatenga walio salama na wale wawili wa nafasi ya 14 na ya 15, ambao hulazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya timu zilizoshika nafasi ya pili na ya tatu katika ligi daraja la pili. Aliye chini ya mstari wa nne hushuka moja kwa moja. Kuanzia Februari, kila wiki, tazama umbali wa alama kuzunguka mistari hiyo kabla hujatazama kileleni. Mimi nimezoea kuuanzia mstari wa 6, kwa sababu ndipo msimu unapoamuliwa kwa timu nyingi zaidi kuliko kwenye mbio za ubingwa zenyewe.

Sababu ni kwamba mstari ule ukishapigwa haurukiki. Tuseme timu ya sita inamaliza raundi 30 ikiwa na alama 42, halafu katika mechi tano za kundi la ubingwa inaambulia sare moja tu. Itamaliza na alama 43. Wakati huo huo timu ya 11, iliyoingia kundi la chini na alama 36, inashinda mechi nne na kufikisha 48. Bado itaandikwa ya 11, na yenye alama 43 itaandikwa ya sita. Msomaji asiyejua mfumo huu huona msimamo kama umechapwa kwa makosa, na wapo wanaoandika kuwalaumu wachapaji. Jambo jingine la kuandika daftarini ni uenyeji: kwa kuwa mechi ni tano, haziwezi kugawanywa sawa, hivyo timu tatu za juu katika kundi hupata mechi tatu za nyumbani na zilizobaki hupata mbili. Ndiyo maana utaiona timu ikipigania kutoka nafasi ya nne hadi ya tatu katika raundi ya 29 kana kwamba fainali imewadia.

Ukitafuta matokeo kwenye kurasa za Kicheki, huhitaji kujua lugha. Maneno kumi na mawili yanatosha. Kwenye msimamo, Z ni mechi zilizochezwa, V ni ushindi, R ni sare, P ni kufungwa, na B ni alama. Hapo kwenye P ndipo watu hukosea, kwa kuidhania kuwa ni pointi. Neno kolo ni raundi, domácí ni wenyeji na hosté ni wageni. Sehemu ya raundi 30 huitwa základní část, ile ya nyongeza huitwa nadstavba, na mchujo wa kupanda au kushuka daraja huitwa baráž. Ongeza dohrávka, ambayo sisi tungeiita kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa. Jina la ligi nalo hubadilika kufuata mdhamini: hadi mwaka 2024 ilikuwa Fortuna liga, na tangu hapo ni Chance Liga. Jihadhari pia na Slovácko, kwani hilo si jina la mji bali la eneo. Timu hiyo ina makao yake Uherské Hradiště, na ukiutafuta mji wa Slovácko kwenye ramani utachoka bure.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Praha iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Jumapili ya mwisho ya Machi. Mechi iliyopangwa saa 18:00 huko, mwezi Agosti utaitazama saa moja usiku, na mwezi Februari saa mbili usiku. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Lubumbashi yuko sawa na Praha wakati wa kiangazi, na huitangulia kwa saa moja tu wakati wa baridi. Badiliko la Machi ndilo linalowanasa wengi, maana huangukia pale pale raundi za mwisho kabla ya mgawanyo zinapopamba moto.

Kati ya katikati ya Desemba na Februari ligi husimama kwa sababu ya baridi. Usiupuuze muda huo, kwa kuwa dirisha dogo la usajili huwa wazi, na timu inayorudi Februari huenda isiwe ile uliyoiacha Desemba. Mkenya Timothy Ouma, kwa mfano, alijiunga na Slavia Praha akitokea Elfsborg ya Sweden katika kipindi hicho hicho cha baridi mwanzoni mwa 2025, na kwa mashabiki kadhaa wa Afrika Mashariki huo ndio uliokuwa mwanzo wa kuitazama ligi hii. Baada ya mapumziko hakikisha pia safu ya Z inalingana kwa timu zote. Timu yenye kiporo kimoja na iliyo nyuma kwa alama mbili haiko nyuma kweli.

Kuhusu timu ya kuishikilia, ukweli ni kwamba tangu 2013 ubingwa haujatoka mikononi mwa timu tatu: Sparta Praha, Slavia Praha na Viktoria Plzeň. Slovan Liberec iliwahi kuutwaa mwaka 2002, 2006 na 2012, na Baník Ostrava mwaka 2004. Slavia, iliyoanzishwa 1892, na Sparta, ya 1893, ni watani wa jadi waliokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1896, na kwa mfumo wa sasa huweza kukutana mara tatu katika msimu mmoja wa ligi. Lakini mgeni angenufaika zaidi kwa kuichagua timu inayoishi karibu na mistari, kwa sababu itamlazimisha kupiga hesabu. Bohemians ya Praha ni mfano mzuri, na nembo yake ina kangaruu kwa sababu klabu ilizuru Australia mwaka 1927 na kurudi na zawadi ya kangaruu wawili wazima.

Kabla msimu mpya haujaanza, fanya mazoezi kwa msimu mmojawapo uliokwisha, ila usichague 2020/21. Msimu huo ni mtamu wa kusimulia, kwani Slavia ya kocha Jindřich Trpišovský ilimaliza bila kufungwa, ikashinda 26 na kutoka sare 8, ikapata alama 86. Hata hivyo ulikuwa na timu 18 na raundi 34 bila mgawanyo wowote, kwa kuwa janga la korona lilivuruga kundi la chini la msimu uliotangulia na hakuna timu iliyoshushwa. Tumia 2024/25, ambao Slavia ilitwaa ubingwa na České Budějovice ikashuka. Utaona pia umuhimu wa kuweka ukurasa wa pembeni kwa ajili ya Kombe la nchi: Sigma Olomouc ilimaliza ya sita katika ligi, lakini ilikuwa imeifunga Sparta katika fainali ya Kombe, na kwa hilo ikapata tiketi ya Ulaya ambayo msimamo pekee usingeieleza.

Katika raundi tano za mwisho, acha kuhesabu alama na uanze kuhesabu mechi za ana kwa ana. Timu iliyo nyuma kwa alama nne inahitaji kumfunga kinara na kumpita kwa alama mbili tu katika mechi nne nyingine. Chini ya msimamo, mtazame wa 13 na wa 14, ambao huweza kutenganishwa hata na bao moja. Na bingwa akishainua kombe usilifunge daftari, kwa kuwa siku chache baadaye mechi za baráž huchezwa, nyumbani na ugenini, na mpaka zimalizike huwezi kuandika orodha ya timu 16 za Julai ijayo.