SOMO: Kupakata udi bila kuua mkono

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini bega linauma ukipiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena, nitamrudisha hapa.

1. Kiti kigumu kisicho na mikono. Kochi ni la kutazamia mpira.

2. Kaa ukingoni mwa kiti, nyayo chini. Paja la kulia likishuka, weka kidawati chini ya mguu huo. Tofali linatosha.

3. Uso wa udi utazame mbele, si dari. Ukiulaza ili uone vidole, shingo yako ndiyo inayolipa.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Mgongo wa udi ni bakuli, na juu ya kanzu unateleza. Mimi nilikuwa nauzuia kwa kiganja cha kushoto: nimeibeba shingo ya udi, kifundo cha mkono kimekunjika, na shughuli ya harusi inakwenda mpaka saa nane usiku. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vikaanza kufa ganzi nikilala. Naamka nakung'uta mkono kama niliyeshika sufuria la moto. Nikasema ni baridi, nikachua mafuta. Kumbe mshipa wa fahamu unaopita kifundoni umebanwa. Miezi mitatu sikugusa udi, na msimu wa harusi akaula mwenzangu.

Udi unashikwa na mkono wa KULIA. Uzito wa mkono, chini ya kiwiko, uulalie udi uegemee kifua, usikamue. Pajani tandika kipande cha ule mpira wa kuzuia zulia lisiteleze. Kisha ondoa mkono wa kushoto kabisa. Shingo ya udi ikianguka, rudi namba 2.

ONYO: ganzi si uchovu. Weka udi chini siku hiyo hiyo. Usimeze vidonge ili umalize shughuli.

5. Mabega yashuke, risha, kile kibapa cha kupigia nyuzi, ishikwe kwa ulegevu.

6. Kila nusu saa, pumzika.

MASWALI

Mpiganyuzi: Mwalimu kifundo kinauma, nifanyeje?

— Namba 4.

Mpiganyuzi: Ndefu. Nipe kwa kifupi.

— Miezi mitatu bila udi. Hicho ndicho kifupi chake.

Binti wa Malindi: Shikamoo mwalimu. Mimi mfupi, nikipakata udi bega la kulia linapanda mpaka sikioni. Na ganzi yangu ipo kidole kidogo cha mkono huo, si gumba. Ni jambo moja?

— Marahaba, mwanangu. Umechunguza vizuri. Hapana: kidole kidogo kina mshipa wake, unaopita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unaona nyota. Huenda umekunja kiwiko muda mrefu, au ukingo wa udi unakibana. Funika ukingo kwa kitambaa, na ukipata nafasi jaribu udi wenye bakuli la kina kifupi. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali, usinisubiri mimi.

Mzee wa Bendi: Wazee walipiga wamekaa mkekani, hawakuumia.

— Walioumia waliacha, ndiyo maana hukuwasikia.

Kodiani Tupu: Na sisi?

— Vaa mikanda yote miwili, wa kushoto uwe mfupi kidogo, kodiani isiyumbe ukivuta mvukuto.

Binti wa Malindi: Ahsante. Risha yangu ngumu, nayo inachosha mkono?

— Sana. Mimi nakata ule mkanda wa plastiki unaofungia maboksi, ncha naisugua kwa msasa.

Mpiganyuzi: Upana gani?

— Swali lako la kwanza zuri. Kama milimita 6.