Mapato mapya kwa darasa dogo la muziki, kuanzia na saa zilizolala

Darasa dogo la muziki mjini, iwe Dar es Salaam au Mombasa, hujaa saa 10 alasiri hadi saa 1 jioni watoto wakishatoka shule, na Jumamosi kutwa. Hapo hapaongezeki mtu. Kabla ya kubuni lolote, chora ratiba ya wiki nzima, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na upake rangi saa zenye wanafunzi. Pembeni orodhesha vyombo vyako na saa ambazo kila kimoja kinapigwa. Fedha mpya itafute kwenye saa zilizobaki nyeupe na kwenye vyombo vinavyoshinda vimefunikwa.

Wa kwanza kumfuata ni mwalimu wa kwaya. Kwaya nyingi za kanisani huimba sauti nne na waimbaji wengi hawasomi nota, hivyo mazoezi huishia besi wakifundishwa mstari wao huku soprano wakipiga soga. Wauzie rekodi za mazoezi, moja kwa kila sauti. Andika wimbo kwenye MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota, na kila sauti uipe mstari wake. Soprano na alto wakikaa mstari mmoja hutaweza kuwatenganisha kwenye miksa, pale programu inapopanga ukubwa wa kila sauti. Kwenye miksa, shusha sauti tatu zisikike kwa mbali, acha moja juu, kisha toa faili la MP3. Rudia kwa kila sauti, na la tano liwe la wote pamoja. Weka mapigo ya kuhesabia mwanzoni, la sivyo hakuna atakayejua pa kuingilia. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika utolee pia seti ya mapigo 70 ya kujifunzia.

Nota zinazozunguka makwayani mara nyingi ni nakala ya nakala, na alama za kushusha au kupandisha hupotea njiani. Upitie wimbo na mwalimu wao kwanza, maana kosa likigunduliwa mwishoni utarudia mafaili yote. Bei iwe kwa ukurasa wa nota, nusu ilipwe kabla, maana faili likishaingia kwenye grupu la WhatsApp, kwaya ya jirani nayo imelipata. Wimbo wenye mtunzi aliye hai, kwaya ije na ridhaa yake.

Asubuhi ni ya chekechea. Dakika 30 zinatosha, kwa makofi, ngoma na manyanga. Vinanda viache nyumbani. Shule ilipe kwa muhula, kwa mkupuo. Ukikubali kukusanya kwa mzazi mmoja mmoja, umegeuka karani.

Somo la pamoja nalo lina faida. Tuseme mmoja hulipa shilingi 15,000 kwa saa: wanne wakilipa 7,000 kila mmoja, saa hiyo hiyo inaleta 28,000. Huvunjika pale anayeanza anapokalishwa na anayejua. Wapime kabla: kwenye gitaa, anayebadili kodi (chords) za G, C na D dakika mbili bila kuangusha mapigo asiwekwe na wanaoanza. Wasipotimia watatu waliolipia mwezi mzima, usifungue.

Vyombo vilivyolala vikodishe kwa mwezi, kwa amana, na picha ya kila upande ikionyesha namba ya chombo. Kinachoua vinanda vya kukodisha ni adapta ya kuazima. Yamaha vidogo vingi hutaka volti 12, Casio vingi vya zamani volti 9 na ncha zake, chanya na hasi, zimegeuzwa. Plagi inaingia vizuri tu, kisha kinanda kinanyamaza. Funga adapta kwenye kinanda chake kwa kamba na uandike volti juu yake.

Video za mtandaoni ziwe tangazo tu, usizipangie bajeti.

Kuna na fedha ya kubadili nyuzi za gitaa. Pwani chumvi huzila haraka, na uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote, ndio hukatika mara nyingi, kwa hiyo weka akiba ya huo kuliko mingine. Toza ufundi mbali na bei ya nyuzi. Mwambie mteja zitalegea siku mbili tatu za mwanzo, arudi kuzikaza. Gitaa la nyuzi za nailoni likiletwa ufunge za chuma, kataa: mvuto wa chuma ni mkubwa na hung'oa daraja, kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, nawe ndiye utakayelilipia.