Kutambua na Kudhibiti Wadudu na Magonjwa ya Mizinga ya Nyuki Jijini Dar es Salaam

Mfugaji mwenye mizinga Pugu, Chanika au Kigamboni anapaswa kukumbuka kwamba nyuki wa pwani ni wepesi wa kuhama, na kundi lililosumbuliwa mno na wadudu linaweza kuuacha mzinga kabla mwenyewe hajagundua kilichotokea. Ukaguzi ufanyike jioni, jua likielekea kuzama, kwa moshi wa kutosha na bila pupa. Kabla ya kufungua, chunguza mlangoni, kwa sababu nyuki wengi waliokufa kwa pamoja mara nyingi huashiria sumu iliyopulizwa jirani kuliko ugonjwa.

Adui anayelaumiwa zaidi ni nondo wa nta. Viwavi wake hutoboa masega na kuacha vijia vilivyofunikwa utando mweupe, uliojaa kinyesi cheusi. Hata hivyo, nondo kwa kawaida hulishinda kundi ambalo tayari limedhoofika kwa njaa, kwa kupoteza malkia au kwa kupewa nafasi kubwa kuliko idadi ya nyuki wake. Kuondoa sega lililoharibika pasipo kutafuta chanzo hicho ni kazi bure. Punguza viunzi vitupu, yaani fremu zinazoshika masega, ili nyuki waweze kuyafunika masega yote yaliyobaki, na masega ya akiba yagandishwe kwenye friza kwa siku nzima kabla ya kufungwa vizuri na kuhifadhiwa.

Mbawakawa mdogo wa mzinga, ambaye asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara, anahitaji uangalifu zaidi katika joto na unyevu wa Dar es Salaam. Aliyekomaa ni mweusi au kahawia iliyoiva, ana urefu wa milimita 5 hadi 7, na hukimbilia penye giza mara mfuniko unapoinuliwa. Funza wake hufanana na viwavi wa nondo, lakini ana miguu mitatu tu kila upande, karibu na kichwa, na miiba midogo mgongoni. Wala hafumi utando. Asali aliyopita huchacha, hutoa povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Kundi imara humfungia mbawakawa kwenye pembe kwa gundi ya nyuki, kwa hiyo kufungua mzinga mara kwa mara kunaweza kuwaachia wafungwa hao. Funza hukamilisha ukuaji wake ardhini, hivyo weka mizinga mahali pakavu panapopata jua la asubuhi, usitupe vipande vya masega chini, na kamua asali mapema baada ya kuvuna. Wapo wanaopuliza dawa ya mende ndani ya mzinga. Dawa hiyo huua nyuki pia na kuichafua asali.

Dhidi ya siafu na sisimizi, simamisha miguu ya kichanja kwenye makopo ya oili chafu, ukiyakagua wakati wa masika kwa kuwa maji ya mvua huifurisha oili ikamwagika. Utitiri wa varoa, wa rangi ya kahawia-nyekundu na wenye upana wa takriban milimita 1.5, upo Tanzania, lakini nyuki wetu kwa kawaida humstahimili bila dawa.

Ugonjwa wa kutisha zaidi ni uozo wa majana (watoto wa nyuki walio ndani ya masega) wa Marekani. Vifuniko vya majana hubonyea na kutoboka. Ukichomeka njiti ya kiberiti ndani ya seli, yaani kijumba kimoja cha sega, na kuivuta polepole, mabaki ya kahawia hunyumbuka kama uzi kwa sentimita 2 au zaidi. Katika uozo wa majana wa Ulaya, majana hufa mengi yakiwa bado hayajafunikwa, yakiwa yamejipinda na kuwa ya manjano, na kundi linaweza kupona likipata chakula cha kutosha. Mbegu za bakteria wa ule wa Marekani hudumu zaidi ya miaka 35 katika mbao na masega. Ukiushuku, funga mzinga, usihamishe sega, asali wala kifaa chochote kwenda kwa kundi jingine, kisha mwite afisa nyuki wa halmashauri yako athibitishe kabla ya mzinga kuteketezwa shimoni na kufukiwa.