Kuandaa nyumba kabla ya dhoruba ya Krismasi

Desemba simu yangu hulia kwa mambo mawili: bomba limepasuka, au nyumba haipati joto. Mimi ni fundi wa mabomba na mashine za joto hapa Buffalo, jimbo la New York. Wateja wangu wengi ni Wakongo na Watanzania, watu ambao Desemba ya kwao ni mvua na maembe.

Dhoruba ya 2022 ilianza Ijumaa, Desemba 23, ikatufungia ndani Krismasi nzima. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama kwenye theluji. Kwa hiyo unapojiandaa, chukulia kwamba hakuna atakayekufikia upesi.

Hatua ya 1: Kagua kengele. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kengele ya moshi na ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto. Kila ghorofa iwe nayo, na karibu na vyumba vya kulala pia. Mlio mmoja mfupi unaojirudia kila baada ya muda ni betri inakwisha. Milio minne, kimya, kisha minne tena, ni gesi hiyo: tokeni wote nje kwanza, halafu pigeni 911, namba ya dharura, mkiwa huko huko nje. Tazama na tarehe iliyoandikwa mgongoni, kwa sababu kengele nayo huzeeka. Nimewahi kuikuta moja kwenye droo ya vijiko, imetolewa betri kwa kuwa ilikuwa ikipiga kelele kila mama akikaanga vitunguu vya pilau. Dawa yake ni kuisogeza mbali kidogo na jiko.

Hatua ya 2: Mkaa ubaki nje. Hili nalirudia kila mwaka. Kwetu mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, tunasema sasa uko tayari kuingizwa ndani. Lakini kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu unaitoa vilevile. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, basi na gesi haitoki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Gereji pia hapana, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake uelekee kwingine. Oveni ya gesi si ya kuotea moto.

Kichwa kikiwauma watu wote wa nyumba kwa pamoja, mkasikia kizunguzungu na kichefuchefu, msiseme ni mafua. Tokeni.

Hatua ya 3: Mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na bomba halina pa kuyapeleka. Leo, kabla ya kitu kingine, shuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, utafute koki kuu ya maji. Mara nyingi iko karibu na mita, bomba linapoingilia ukutani. Jaribu kuifunga na kuifungua, kisha waonyeshe na watoto wakubwa. Bomba likipasuka saa nane za usiku, kila dakika ya kuitafuta koki ni ndoo za maji sakafuni.

Baridi ikikaza, fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto liingie, na acha bomba la sinki lililo kwenye ukuta wa nje lidondoshe maji kidogo kidogo. Mkisafiri, msizime joto kwa kubana matumizi. Liacheni angalau nyuzi 55 za Farenhaiti, kama 13 za Selsiasi. Bomba likishaganda, fungua koki yake, kisha tumia mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki kurudi nyuma. Usilichome kwa moto.

Hatua ya 4: Matundu ya ukutani. Mashine nyingi za joto hupumulia kwenye mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza nje. Theluji ikiyafunika, mashine huzima, au moshi wake hurudi ndani. Yafukue kwa mkono, maana koleo huyavunja. Na gari lako, toa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini.

Hatua ya 5: Hita ndogo. Mita moja kutoka kwenye pazia na blanketi, ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Zima ukienda kulala.

Hatua ya 6: Akiba ya siku tatu. Maji galoni moja kwa kila mtu kwa siku, dawa, tochi, na vyakula visivyohitaji kupikwa, kwani jiko la umeme halitapika ugali umeme ukikatika. Friji isipofunguliwa huhifadhi chakula kwa muda wa saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Simu zote zichajiwe mapema, na jirani mzee apigiwe simu kabla mtandao haujalegea.