Kusafirisha pweza na samaki wa barafu kwa meli: hatua kwa hatua, pamoja na maswali ya wanachama

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Tangu kumalizika kaskazi nimeulizwa si chini ya mara kumi namna ya kupeleka pweza, ngisi na samaki waliogandishwa nje ya nchi kwa kontena la baridi, na kila mara nimejibu yale yale kwa simu, usiku, kwa mtu ambaye mzigo wake umeshapakiwa kwenye lori. Naandika hapa mara moja ili mwenye nia asome kabla ya kununua samaki, kwa sababu makosa karibu yote ninayoyajua hutendeka nchi kavu, siku nyingi kabla meli haijang'oa nanga.

Hatua ya 1: Mnunuzi na vyeti. Uwe na mkataba wa maandishi, na umuulize mnunuzi vyeti vinavyotakiwa nchini kwake kabla hujatia pweza hata mmoja kwenye barafu. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, kiwanda lazima kiwe kimeidhinishwa, mzigo uwe na cheti cha afya cha mazao ya bahari, na tangu 2010 unatakiwa pia uthibitisho kwamba uvuvi wenyewe ulikuwa halali.

Hatua ya 2: Kuagiza kontena. Joto la safari liandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: nyuzi 18 za sentigredi chini ya sifuri. Alama ya kutoa ikisahauliwa, mzigo wa barafu utasafiri katika nyuzi 18 juu ya sifuri.

Hatua ya 3: Safisha, pima uzito, tia kwenye mifuko na katoni, bandika lebo.

Hatua ya 4: Kugandisha hadi kwenye kiini. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na naomba pasomwe polepole. Kontena la baridi limeundwa kutunza ubaridi ambao mzigo umekuja nao, na mashine yake haina nguvu ya kugandisha shehena nzima ya nyama ya baharini. Maji yanapogeuka barafu hutoa joto jingi mno: kuyagandisha maji yaliyokwisha kufika nyuzi sifuri kunataka kuondoa joto takriban mara 80 ya lile linaloondolewa unapoyapoza kwa nyuzi 1 tu. Ndiyo maana samaki hukaa muda mrefu kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri, na mtu akigusa nje hukuta pagumu kama jiwe ilhali ndani bado pana majimaji.

Mwaka ule nilikuwa na pweza katika katoni za kilo 20. Umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa kuwashwa, na asubuhi, kwa kuwa lori lilikuwa limeshafika mlangoni, niliweka kipimajoto juu ya katoni, kikasoma nyuzi 17 chini ya sifuri, nikaridhika. Mzigo ulipofunguliwa katika bandari moja ya Ghuba, katoni za pembeni zilikuwa nzima, lakini za katikati zilikuwa zimebonyea na kuvuja maji yenye harufu, kwani zilikuwa zimezungukwa na wenzao na ubaridi haukuzifikia kwa wakati. Mnunuzi aliukataa mzigo wote. Dai langu la fidia lilikataliwa vilevile, na kwa haki, kwa sababu kumbukumbu za kontena zilionyesha kuwa hewa ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Kwa hiyo toboa katoni kwa keekee iliyokaa ndani ya chumba hicho hicho cha baridi, ufike katikati, utie kipimajoto cha sindano, usubiri kitulie, kisha uandike. Chagua katoni za nyuma, za katikati na za chini ya rundo, usiridhike na zilizo karibu na mlango. Kiini kisipofika nyuzi 18 chini ya sifuri, usipakie, hata ikibidi meli ikuache. Usiwatie samaki wapya wenye joto kwenye chumba kilichohifadhi waliokwisha kuganda, kwani huwalegeza wote. Jenereta ijaribiwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo wa umeme. Waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa bila umeme, hawahitaji kuelezwa sababu.

Hatua ya 5: Kupakia. Hewa ya baridi hutokea sakafuni kwenye mifereji, huuzunguka mzigo, hurudi juu. Katoni zishikamane bila mapengo, zisipite mstari mwekundu uliochorwa ukutani, na matundu ya hewa safi yafungwe. Mashine izimwe wakati milango iko wazi.

Hatua ya 6: Barabarani kontena liwe na jenereta yake, na likifika bandari ya Malindi, hapa Unguja, uhakikishe kwa macho yako kwamba limeunganishwa na umeme.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Bububu: Mkubwa, nina nguru kilo 300 na ninataka wafike Muscat wiki ijayo. Kontena ni bei gani?

Jibu: Ndugu yangu, kontena la futi 40 hubeba zaidi ya tani 20. Kwa kilo 300 tafuta ndege. Bei muulize wakala, kwani hubadilika.

Mwanachama wa Fuoni: Kwani mashine ya kontena haiwezi kumalizia kugandisha njiani? Safari ni ya siku nyingi.

Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya pili.

Mwanachama wa Fuoni: Rafiki yangu alipeleka hivyo na hakupata hasara.

Jibu: Muulize kiini kilisoma nyuzi ngapi alipopakia. Kama hakupima, hajui kilichomsalimisha, nami siwezi kukushauri uweke mtaji wako juu ya jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Mwanachama wa Wete: Mwalimu, nilidhani ni bora kontena lipozwe kwanza ndipo tupakie. Kwa nini tuizime mashine?

Jibu: Ahsante dada yangu kwa kuuliza sababu. Hewa yetu, hasa wakati wa masika, imejaa unyevu. Ukifungua mlango wa kontena lililokwisha kupozwa, hewa hiyo huingia, na unyevu wake huganda kwenye mabomba ya mashine hadi barafu ikaziba njia ya hewa. Mashine italazimika kujipasha moto ili kuyeyusha barafu hiyo, na wakati huo mzigo haupozwi. Penye ghala ambalo mlango wake unafungamana na kontena bila hewa ya nje kupenya, lipoze kabla, hakuna ubaya. Sisi tunaopakia uani tupakie upesi, tufunge, ndipo tuwashe.

Mwanachama wa Chake Chake: Kwa wasiokuwa na vifaa: sisi hugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Tukirudi tukaikuta sarafu imezama, tunajua umeme ulikatika muda mrefu na vitu viliyeyuka vikaganda tena.

Jibu: Nakushukuru sana. Kesho naweka kikombe kila pembe ya chumba changu.

Mwanachama wa Mkoani: Je, nikijaza nafasi iliyobaki kwa maembe boribo?

Jibu: Hapana. Embe hutaka nyuzi 10 hadi 13 juu ya sifuri, na tunda linapumua, hivyo huhitaji matundu ya hewa wazi. Katika kontena la pweza yatafika yameharibika.

Mwanachama wa Wete: Na katoni zilizotobolewa, zinakwenda pia kwa mnunuzi?

Jibu: Haziendi. Ziondoe kwenye orodha kabla wakala hajachapa hati ya shehena, maana idadi ya katoni ikitofautiana na iliyoandikwa, forodha ya huko itakushikilia mzigo. Mimi huwapa wapakizi, wakaenda nazo nyumbani zikiwa bado ngumu.