Jinsi ya kuomba kubadilishiwa saa za kazi ukiwa na mtoto mdogo

Usikimbilie kuandika barua. Toa kwanza mkataba wako wa ajira na kanuni za kazini kwenu, usome sehemu za likizo na saa za kazi. Haki iliyokwishaandikwa haiombwi kama fadhila. Mapumziko ya kunyonyesha, kwa mfano, yamo katika Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, nao unataka yahesabiwe kuwa muda wa kazi na yalipwe. Sheria ya nchi yako ikisema hivyo, itaje kifungu kwa kifungu.

Kisha andika wiki nzima siku zako zinavyokwenda: saa ya kumchukua mtoto, saa kazi inapobana, nani hukushikia nafasi. Maombi mengi hufia hapa. Mtu anaandika "naomba nifikiriwe kutokana na majukumu ya kifamilia", na bosi akimaliza kusoma hajui akubali nini. Afadhali hivi:

"Naomba kuanzia tarehe 1 mwezi ujao niingie saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 9:00 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majaribio ya miezi 3. Ripoti ya siku nitaikabidhi kabla ya saa 8:30, na mwenzangu wa zamu amekubali kupokea simu baada ya hapo."

Sentensi ya pili ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu hofu ya bosi ni kazi kulala.

Zungumza naye kabla hujampa barua, isije ikamshtukiza. Ukiipeleka, nakala moja iende ofisi ya utumishi, nyingine ubaki nayo ikiwa imesainiwa kupokelewa.

Akikubali kwa mdomo, usiridhike. Mimi nilikubaliwa hivyo. Bosi akahamishwa, aliyekuja akanihesabia mtoro, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Mwandikie siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo, tumekubaliana kwamba..."

Nanyi akina baba, ombeni. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unahusu wafanyakazi wa kike na wa kiume, na unasema majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha nenda na nakala zako zote kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au kwa afisa kazi kama hapo kazini hakuna chama.