Kabla hujapanda basi la kwenda chuo Moshi

Kila Oktoba na Novemba stendi ya Moshi hujaa vijana wanaoshusha magodoro, ndoo na hata mafagio waliyoyabeba kutoka Tabora au Mtwara. Fagio! Magodoro yanauzwa Moshi, ndoo zinauzwa Moshi, na shuka za mtumba za soko la Memorial huenda zikawashinda wenye maduka huko kwenu. Usivyoweza kununua ukishafika ni viwili: nyaraka zilizokaa sawa na makubaliano ya uhakika kuhusu pa kulala. Hivyo vishughulikie ukiwa bado nyumbani.

Kwenye nyaraka, anza na majina. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na majina matatu, cha kidato cha nne mawili, na akaunti ya benki ikaandikwa jina la ubatizo ambalo shuleni hukuwahi kulitumia, utazunguka madirishani wakati wenzako wameshaanza vipindi. Hati ya kiapo cha majina ipate mapema, mzazi akiwa karibu. Beba vyeti halisi pamoja na nakala, namba ya NIDA, picha za pasipoti, risiti za malipo na fomu ya afya iliyojazwa na daktari na kugongwa mhuri. Vyote vikae kwenye begi la mgongoni, si kwenye buti la basi.

Kuhusu fedha, usije ukitegemea bumu, yaani posho ya mkopo, likupokee. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na huja kwa mkupuo, kwa hiyo siku 60 ni 600,000. Zikiingia kwa pamoja zinaonekana nyingi. Toa kodi, toa nauli, toa mtungi wa gesi wa kilo sita, halafu gawanya kinachobaki kwa siku zilizosalia uone. Tena kabla hazijaingia kuna usajili na kusaini, na jina lako linaweza kuchelewa kwenye orodha. Njoo na hela ya kula ya mwezi mzima, na mzazi aambiwe ukweli huo kabla, asije akadhani unamdanganya.

Sasa chumba. Kama chuo kimefungua maombi ya hosteli, omba siku hiyohiyo, hata kama ndoto yako ni geto, chumba chako mwenyewe cha kupanga mtaani. Mwaka wa kwanza hosteli ina faida ambayo picha haikuonyeshi: matangazo, vikundi vya kazi za darasani na habari za vipindi vilivyohamishwa vinakufikia bila kuvitafuta. Adha zake zipo. Jiko la umeme na hita mara nyingi ni marufuku, na foleni ya bafu asubuhi haina mkubwa wala mdogo. Halafu kuna kubebana, yaani mtu aliyekosa nafasi kulala kitandani kwa mwenzake. Kanuni za hosteli nyingi zinakataza, watu wanafanya. Ukiulizwa, jibu ukiwa umeshaamua. Aliyekubali kwa aibu Novemba huja kugombana Februari, na mwenye jina kwenye orodha ya matroni ndiye anayeitwa ofisini.

Ukilazimika kupanga mtaani, iwe Longuo karibu na hospitali ya KCMC, Rau, Pasua au Soweto, usitume hata senti kwa chumba ulichokiona kwenye simu tu. Afadhali ulale kwa ndugu au gesti siku mbili ukitafuta kwa miguu. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba hutaka miezi mitatu au sita mbele. Hapo piga hesabu: kodi ya miezi sita iliyolipwa mwanzoni mwa Novemba inaisha Aprili, muhula wa pili ukiwa unaendelea. Na ukienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mkoa mwingine kati ya Julai na Septemba, chumba kinalala tupu huku kodi inahesabika. Mwulize mwenye nyumba mapema kama atakubali mwenzako akushikie kwa miezi hiyo, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Uliza pia kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako. Mita ya pamoja yenye wapangaji watano, mmoja wao ana friji la kugandisha barafu za biashara, imevunja urafiki mwingi. Geti linafungwa saa ngapi? Maji yanatoka kila siku, au kuna siku za kujaza madumu? Wapangaji waliopo wanajibu vizuri kuliko mwenye nyumba. Wavizie wakati wanafua.

Wenye vyuo vya upande wa Arusha, hasa Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, waongeze swali moja: maji ya kunywa yanatoka wapi? Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuyachemsha hakuyaondoi. Meno ya mtu mzima hayabadiliki rangi kwa hilo, maana madoa huingia meno yakiwa bado yanajengeka utotoni, lakini kwa kunywa na kupikia tafuta chanzo ambacho wenyeji wenyewe wanakiamini.

Baridi inazungumzwa kupita kiasi. Moshi mjini Januari na Februari kuna joto la kumfanya mtu wa Dar ajione yuko kwao; sweta moja zito linatosha kwa Juni na Julai. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ongeza blanketi. Chandarua usikisahau, maana mbu wapo.

Kadi ya bima ya afya ifuatilie wiki ya kwanza, usisubiri homa. Ukiugua, anzia zahanati ya chuo. KCMC ni hospitali ya rufaa.

Na kama utarudi nyumbani Krismasi, fahamu kwamba Desemba Wachaga wanapanda kwao na mabasi ya Dar kuja Moshi yanajaa kupindukia. Anayetoka Moshi kwenda Dar wiki hiyo anakwenda kinyume na umati, hana shida sana. Mwanzoni mwa Januari mambo hugeuka: viti vya kushuka Dar vinagombaniwa, vya kupanda Moshi vinapatikana. Anayepitia Dar akitokea kusini amebahatika kote kuwili. Mwenyeji wa Rombo anayesoma Dar ndiye wa kukata tiketi mwezi mmoja kabla.